Milimita Moja Chini ya Reli

Bana pamoja karatasi kumi za mashine ya fotokopi. Unene wake ni kama milimita moja. Reli za kigari cha kamera, zile zinazotumika sana, huachana kwa sentimita 62, kwa hiyo reli ya upande mmoja ikibonyea kwa unene wa karatasi hizo, kigari kizima huinama karibu sehemu moja ya kumi ya digrii. Aliyesimama kando haoni kitu. Lakini kamera ikiwa imeelekezwa ubavuni, nayo imevaa lenzi ndefu inayoona upana wa digrii 10 tu, mwinamo huo unairusha picha kwa karibu asilimia moja ya upana wake. Kwenye skrini ya sinema ya mita 10, hizo ni sentimita 9. Mwigizaji analia kwa uchungu, na uso wake unaruka sentimita 9.

Badilisha lenzi, weka pana inayoona digrii 60, na kosa lile lile linapungua hadi sentimita moja na nusu hivi, ambayo pengine hakuna atakayeigundua. Hapo ndipo chanzo cha ugomvi mwingi kazini. Reli zilipita vizuri jana kwa lenzi pana. Leo picha inaruka, na mtandika reli anaulizwa ameharibu nini usiku. Hajaharibu kitu. Kosa lilikuwepo, ila jana halikukuzwa. Ukitaka kuzijua reli zako, zijaribu kwa lenzi ndefu kuliko zote zilizomo kwenye sanduku, hata kama siku hiyo haitatumika.

Kigari hiki, ambacho watu wa filamu hukiita doli, kina zaidi ya miaka mia. Mwitaliano Giovanni Pastrone alikisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1912, akakitumia katika Cabiria, filamu iliyotoka 1914, ili kamera ipenye polepole ndani ya majumba makubwa bandia yaliyojengwa Turin. Tangu hapo kimenenepa. Vile vya studio za Marekani vyenye mkono wa haidroliki huwa karibu kilo 200 kabla hajapanda mpigapicha na kamera yake. Vingine haviuzwi kabisa: kampuni ya Chapman/Leonard hukodisha tu, na matumbo ya mashine hufunguliwa na mafundi wake. Anayekisukuma anabaki na magurudumu, reli, bolti za nje na masikio yake. Si haba, maana matatizo mengi yako huko huko.

Utasikia pia kwamba hayo yote yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi kuna gimbali ya kushika mkononi, au kwamba mhariri atarekebisha kwenye kompyuta. Gimbali hurekebisha pembe: kamera ikitaka kuinama au kugeuka, mota zinaizuia. Kamera ikipanda na kushuka kwa hatua za anayetembea, mota hizo hazina la kufanya. Kompyuta nayo huisogeza picha irudi mahali pake, ikikata kingo. Ukungu ulioingia ndani ya picha haiuondoi hivyo. Kwa kawaida ya sinema, kila picha moja huchukua mwanga kwa sehemu ya 48 ya sekunde, na kishindo kikipita ndani ya muda huo uso huchapwa ukiwa umefifia. Mhariri anaweza kuutuliza uso usiruke, lakini utaonekana ukififia na kurudi bila sababu.

Basi picha imeruka. Swali la kwanza la fundi ni dogo: kishindo kimekaa mahali, au kinatembea? Sukuma kigari polepole mara mbili, ukikiinua na kuyazungusha magurudumu kidogo kabla ya mara ya pili, na kila kishindo kinaposikika bandika kipande cha tepu sakafuni. Tepu za mara ya pili zikiangukia pale pale, ubaya uko kwenye reli au chini yake. Zikijipanga kwa nafasi sawa, kisha mara ya pili zikahama zote kwa pamoja, ubaya umepanda kigari. Tena nafasi yenyewe inamtaja mhusika. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 7.5 huzunguka mara moja kwa kila sentimita 24 hivi, kwa hiyo tepu zinazoachana kwa kiasi hicho zinasema kuna gurudumu moja lenye kasoro moja. Huhitaji kufungua magurudumu yote manane. Zungusha kila moja kwa kidole, uangalie na usikilize.

Kasoro hiyo mara nyingi ni ubapa. Magurudumu ya reli hutengenezwa kwa poliyurethani, mpira mgumu wa viwandani usiorudi haraka ukikandamizwa. Kigari kilicholala usiku kucha juu ya reli na mzigo wake, hasa kwenye joto, huamka na magurudumu yaliyobonyea chini. Ubapa wa usiku mmoja kwa kawaida hutoka ukikiendesha huku na huku mpaka mpira upate joto. Wa mwezi mzima ghalani haurudi. Kinga yake ni kukishusha kigari kutoka kwenye reli jioni, au kukiinua magurudumu yaning'inie. Kazi ya dakika chache, na ndiyo ya kwanza kusahauliwa saa tano za usiku wakati kila mtu anatafuta usafiri.

Kama si ubapa, ni uchafu: punje ya changarawe iliyojichimbia kwenye mpira, au tepu ya mtu iliyokanyagwa. Kama si uchafu, ni beringi. Vigari vyepesi vingi hutumia magurudumu ya skeitibodi, na beringi zake ni za namba 608, tundu la milimita 8 na upana wa milimita 22 kutoka ukingo hadi ukingo, ambazo hupatikana kwa bei ndogo. Beringi nzima huzunguka kimya. Yenye mchanga husaga, na kidole kinahisi kabla sikio halijasikia. Kwa ukubwa huo sioni faida ya kuiosha na kuipaka grisi upya. Tupa, weka nyingine.

Kishindo kilichokaa mahali kinatupeleka chini. Mafiga matatu hayachezi hata ukiyapanga kwenye mteremko, kwa sababu nukta tatu sikuzote hulala kwenye bapa moja. Kigari kina pembe nne, na pembe ya nne ndiyo mkorofi: reli zisipokuwa kwenye bapa moja, pembe moja huning'inia, kisha uzito ukihama inaanguka. Ndiyo maana pima maji haiwekwi kwa urefu wa reli peke yake. Huwekwa pia kwa kukata, kutoka reli hadi reli, kila penye daraja la kuziunganisha. Tafuta kwanza sehemu ya ardhi iliyo juu kuliko zote, uanzie hapo, kwa sababu reli huinuliwa kwa kabari, haichimbiwi ardhini. Kabari ziingie mbili mbili, zikikabiliana, ili juu pabaki bapa. Ukiingiza moja tu, reli inakaa juu ya ncha, na kwa uzito wa kilo 300 ncha hiyo itahama.

Viungo vya reli vina hesabu yao. Alumini ya mita 10 ikipanda joto kwa digrii 30, kama inavyotokea kati ya alfajiri na saa nane mchana, hurefuka karibu milimita 7. Chuma hurefuka kama nusu ya hapo. Reli iliyokazwa barabara asubuhi inaweza kujipinda mchana, na iliyokazwa mchana ikaachia mwanya usiku. Kwa wanaojitengenezea njia kwa mabomba ya PVC na ubao wenye magurudumu ya skeitibodi, mambo ni makali zaidi: PVC hutanuka mara mbili au tatu kuliko alumini, hulainika juani, na hulegea katikati ya egemeo na egemeo. Kwa picha za ndani mabomba hayo yanafanya kazi nzuri kuliko bei yake. Kwa jua la Pwani saa saba mchana, weka egemeo karibu karibu na uyafunike mpaka dakika ya kupiga picha.

Halafu kuna mlio. Mwongozaji Hitchcock alipopiga Rope, filamu ya 1948, alirekodi vipande virefu bila kukata, vingine vikikaribia dakika 10, huku kuta bandia zikiondolewa kwa magurudumu ili kamera ipite. Mlio mmoja dakika ya tisa unatosha kuharibu kazi yote. Mlio huzaliwa mpira unaposhika reli, ukajivuta, ukaachia ghafla, ukashika tena, mamia ya mara kwa sekunde. Poda ya mtoto ikipakwa kwa kitambaa hupunguza kule kushika. Oili haifai: hukusanya vumbi, na vumbi hilo baadaye ndilo linalosaga. Kabla ya kupaka chochote, sukuma kigari kitupu, kisha chenye watu. Kikinyamaza kitupu na kulia kikiwa na mzigo, huenda hata magurudumu hayahusiki. Ni kabari zinazosuguana na plaiwudi, au bolti ya kiti cha mpigapicha.

Mkono wa haidroliki, ule unaoinua kamera, unahitaji adabu yake. Ndani kuna oili inayosukumwa na gesi ya naitrojeni iliyobanwa kwenye chombo. Pampu ya umeme hujaza shinikizo kabla ya kazi, kisha huzimwa, ili wakati wa kurekodi mkono upande bila mota kunguruma. Kushuka, hushuka kwa uzito wake. Dalili zake zinasomeka. Mkono ukidundadunda unapousimamisha, kuna hewa, kwa sababu oili haibanikiki kirahisi ila hewa hubanika. Ukipanda mara chache kuliko zamani kwa ujazo mmoja, naitrojeni imepungua. Ukiwa mzito asubuhi ya Julai huko Limuru na mwepesi saa sita, huo si ugonjwa, oili ilikuwa baridi. Upandishe na kuushusha mara kadhaa kabla mwongozaji hajafika. Ukishuka wenyewe polepole, bandika tepu kwenye kimo chake, subiri robo saa, kisha tazama chini. Pakiwa pakavu, oili inapita ndani, kwenye vali au sili, na mashine irudi kwa mwenyewe. Pakiwa na unyevu, usitafute tundu kwa vidole. Oili inayotoka kwa shinikizo kwenye tundu la sindano hupenya ngozi, na jeraha huonekana dogo kumbe ndani nyama inakufa. Tumia kipande cha boksi, na aliyepenywa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu.

Baada ya kazi ya ufukweni, reli huoshwa kwa maji yasiyo ya chumvi na kukaushwa siku hiyo hiyo. Mashine ya kuoshea magari isielekezwe kwenye beringi, kwa kuwa shinikizo lake huingiza maji na chumvi kule ambako sili ilikuwa ikizuia. Penye bolti ya chuma ndani ya alumini, maji ya chumvi hukamilisha njia ya umeme kati ya metali hizo mbili, na alumini ndiyo inayoliwa. Ungaunga mweupe ukianza kujitokeza kuzunguka kichwa cha bolti, ifungue, isugue, uipake grisi na kuirudisha. Ikishashikana haitoki kwa spana. Itakatwa, na pengine ncha ya reli itakwenda nayo.