Kuku Uani, Notisi Mlangoni
Sheria Ughaibuni: Sehemu ya 4

"Shemeji, wamenibandikia karatasi mlangoni. Wanasema kuku wangu wana kesi."

Simu ilikuja jioni moja ya Aprili kutoka mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani, ambako kaka yangu na mkewe wanaishi na watoto. Kaka alikuwa zamu ya usiku ghalani. Shemeji, mzaliwa wa Kigoma, alikuwa ameikuta karatasi ya rangi ya chungwa ikining'inia kwenye kitasa. Kuku wenyewe walikuwa watano, ndani ya banda alilolijenga kwa mbao za kuokoteza na wavu. Alikuwa ameshakata shauri: "Leo nawachinja wote, tunakula, yaishe."

Nilimsihi asubiri, na si kwa kuwahurumia kuku. Kuchinja uani kwenye miji mingi ya kule ni kosa jingine linalojitegemea. Halafu karatasi ilitaja vifungu viwili, na cha pili kilihusu banda. Angewala wote watano na kesi ingebaki palepale.

Sehemu zilizotangulia zilihusu mikataba ya nyumba, kodi na bima. Leo tuko uani, na inabidi nianze mbali kidogo, kwa sababu mtu asiyejua kanuni hizi zilitoka wapi hujitetea kwa hoja zisizomsaidia.

Miji ya Marekani imegawanywa kanda: hapa makazi, pale maduka, kule viwanda. New York ilipitisha kanuni za namna hiyo kwa mji mzima mwaka 1916. Miaka sita baadaye, kijiji cha Euclid, pembeni mwa Cleveland, Ohio hiyohiyo, nacho kikapitisha zake. Kampuni ya Ambler Realty ilikuwa na ekari 68 hapo ikisubiri kuziuza kwa wenye viwanda. Ikashtaki, ikidai kwamba ekari ya dola 10,000 imeshushwa hadi 2,500 kwa mstari wa kalamu. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 22 Novemba 1926, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kijiji kikashinda. Jaji Sutherland, aliyeandika hukumu, alitoa mfano wa nguruwe: zizini ni kitu halali kabisa, sebuleni ni kero.

Mfano huo umebeba mzigo wote wa kesi za kuku hadi leo. Mji hauhitaji kuthibitisha kwamba kuku wako wananuka, wanapiga kelele au wanaleta panya. Unahitaji tu kuonyesha kwamba wako kwenye kanda isiyowaruhusu. Ndiyo maana yule anayesimama mbele ya bodi akieleza jinsi banda lake lilivyo safi na mayai yake yalivyo matamu husikilizwa kwa adabu, kisha hushindwa. Usafi ni utetezi wa kesi ya kero, na kesi ya kero ni nyingine. Kwenye kesi ya kanda hubishaniwa maneno, vipimo na tarehe.

Tuanze na tarehe, maana hizo ndizo zinazowaangusha wengi. Karatasi ya kwanza mara nyingi huwa ni onyo lenye muda wa kurekebisha. Ya pili huwa ni hati ya kosa yenye faini au wito wa mahakamani. Kila moja ina siku zake, na kila mji una hesabu yake. Kwenye tarafa za Ohio, yaani maeneo yasiyo chini ya manispaa, sheria ya jimbo inatoa siku 20 za kukata rufaa kwenye bodi ya rufaa za matumizi ya ardhi. Bodi ikikukatalia, zipo siku 30 za kwenda mahakama ya kaunti. Zikipita zimepita. Katika majimbo mengi rufaa iliyowasilishwa kwa wakati husimamisha hatua nyingine zote, jambo lililotokana na sheria ya mfano ambayo Wizara ya Biashara ya Marekani iliitunga miaka ya 1920 na majimbo yakaiiga. Kwa hiyo fomu moja iliyojazwa mapema hukununulia miezi.

Mtego mwingine ni kulipa faini upesi ili kuepuka usumbufu. Kulipa ni kukiri kosa. Kesho mkaguzi akirudi, wewe ni mkosaji wa mara ya pili, na kwenye baadhi ya miji kila siku inayopita huhesabiwa kuwa kosa jipya. Kwa asiye raia, kukiri kosa lolote lililoandikwa chini ya sheria za jinai ni jambo la kumwuliza wakili kwanza, hata kama faini ni ndogo kuliko nauli. Na mwenye kuitwa mahakamani huko Ohio asione haya kuomba mkalimani wa Kiswahili, tena aombe mapema.

Ukalimani unanirudisha kwa shemeji. Karatasi alisomewa na mwanawe wa darasa la saba, naye alilitafsiri neno kuu la kifungu cha kwanza kuwa "mifugo". Mama akakubali kosa papo hapo. Kwa Kiswahili nani atabisha? Kuku ni mifugo tangu enzi za mababu, na hata bwana mifugo wa kata huitwa kwa ajili ya kideri. Lakini Kiingereza cha sheria mara nyingi hutenganisha: wanyama wa miguu minne wa shambani wana neno lao, na ndege wa kufugwa wana lao. Nilimwambia anipigie picha ukurasa wa maana za maneno katika kanuni za mji wake. Ulisema neno lile ni "farasi, ng'ombe, nguruwe, kondoo, mbuzi na wanyama wengine wa aina hiyo." Aina hiyo ni ipi? Wote waliotajwa wana kwato. Kuku, kwa macho yangu, ana kucha.

Msomaji ataona huu ni ujanja wa mawakili. Hapana. Ni kanuni ya siku nyingi kwamba sheria inayopunguza haki ya mtu juu ya ardhi yake isomwe kwa kubana, na palipo na utata mwenye ardhi ndiye anayefaidika. Mahakama ya juu ya Ohio ilisema hivyo mwaka 1981, kwenye kesi ya Saunders dhidi ya idara ya kaunti ya Clark. Kama mji ulitaka kuwazuia kuku, ulikuwa na wino wa kutosha kuandika "kuku".

Kifungu cha pili kilidai banda liko ndani ya futi 10 kutoka mpaka wa kiwanja. Mkaguzi alipima kutoka kwenye uzio, akapata futi 8. Kosa hili ni la kawaida mno. Uzio ni mbao za mtu aliyeishi hapo zamani, na mpaka ni mstari kwenye ramani ya viwanja iliyohifadhiwa ofisi ya kaunti, ambayo nakala yake hupatikana kwa pesa kidogo. Jumamosi iliyofuata kaka alirudi kutoka kazini saa moja asubuhi, hakulala, akachukua tepu ya fundi na koleo. Alichimba pembeni mwa mti wa maple, kwenye pembe ya kiwanja, hadi koleo likagonga chuma: nondo fupi ya wapima ardhi, imeota kutu, iko futi 3 nje ya uzio. Banda lilikuwa futi 11 kutoka mpakani. Alipiga picha akiwa ameinyoosha tepu kutoka kwenye nondo hadi kwenye ubao wa banda, namba zikionekana.

Nondo ingeangukia upande wa ndani, bado kulikuwa na njia, na hapa watu hukosea ombi. Bodi inaweza kumlegezea mtu sharti, lakini kuomba kulegezewa matumizi, yaani kufuga pasipofugwa, ni kupanda mlima, kwa sababu lazima uonyeshe kwamba kanuni inakufanya ushindwe kuitumia ardhi yako. Kuomba kulegezewa futi ni kitu chepesi zaidi. Tangu kesi ya Duncan dhidi ya kijiji cha Middlefield, mwaka 1986, bodi za Ohio hutazama mambo ya kawaida: pengo ni kubwa kiasi gani, mtaa utabadilika sura, jirani ataumia, kuna namna nyingine ya kulimaliza. Mwenye banda akikosa futi 2 ana la kusema. Ombi lake liwe juu ya futi hizo mbili, na kuku wasitajwe zaidi ya inavyobidi.

Hoja nyingine nitazipitia haraka. "Na jirani wa tatu anao" haisaidii. Itamletea yeye karatasi na wewe hasama. "Karani aliniambia kwa simu kwamba inaruhusiwa" haisaidii pia, kwa kuwa kauli ya karani haiufungi mji. Aliyekuwa akifuga kihalali kabla ya kanuni kubadilika ana haki ya kuendelea, ila athibitishe kwa risiti na picha zenye tarehe. Aliye kwenye tarafa ya Ohio na ana zaidi ya ekari 5 anaweza kulala usingizi, kwani sheria ya jimbo haiipi tarafa uwezo wa kuzuia ufugaji wake kwa kanuni za kanda. Na anayeishi kwenye mtaa wenye chama cha wamiliki wa nyumba ajue kwamba kushinda mji hakumwondolei masharti ya chama aliyoyasaini.

Jogoo ni habari nyingine. Waswahili tunasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Kule imeandikwa kwenye kanuni, na faini juu. New York inaruhusu majike na kuwakataza majogoo. Hakuna tafsiri ya maneno itakayomwokoa kiumbe anayejitangaza mwenyewe saa kumi alfajiri.

Ushindi wa maneno una udhaifu wake: madiwani wanaweza kuyabadili maneno. Huko Roswell, Georgia, mwaka 2009 mfugaji mmoja alitetewa na Roy Barnes, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo, akashinda. Mji ukaandika kanuni mpya, ugomvi wa mfugaji huyo nao ukaendelea kwa njia nyingine kwa miaka, na mwisho wake ulikuwa mchungu. Wafugaji wa Madison, Wisconsin, waliokuwa wakifuga kwa kificho, walikwenda kwa madiwani wenyewe, na mwaka 2004 wakaruhusiwa kuku wanne kwa nyumba. Cleveland ilipitisha yake mwaka 2009: kuku mmoja kwa kila futi za mraba 800, kwa hiyo kiwanja cha kawaida cha futi 4,800 kinabeba sita. Nakala ya kanuni ya Cleveland ni zawadi nzuri ya kumpelekea diwani wako, hasa ukiwa Ohio. Naye hapendi kubuni, anapenda kunakili.

Kikao cha bodi cha kusikiliza rufaa ya shemeji kilifanyika Juni, jioni, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Nilifuatilia kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Kila msemaji alipewa dakika 3. Shemeji aliapishwa, akatoa picha zilizoandikwa namba moja hadi sita, jambo tulilolisisitiza, kwa sababu rufaa ikienda mahakama ya kaunti majaji huangalia zaidi kumbukumbu za kikao. Mkaguzi aliitazama picha ya nondo kwa muda, akasema kwa uungwana kwamba kifungu cha pili anakiondoa. Cha kwanza kilibishaniwa. Mjumbe mmoja alisema kila mtu anajua kuku ni wa shambani. Mwingine akamwuliza mwanasheria wa mji aonyeshe neno "kuku" liko ukurasa gani. Hakuwa nalo. Wakapiga kura, tatu kwa mbili, upande wa shemeji.

Kabla ya kufunga, mwenyekiti aliuliza kama kati ya hao watano kuna jogoo.

"Hapana, mheshimiwa," alijibu shemeji. "Na hawako watano. Ni wanne."

Hakuulizwa zaidi. Wa tano alinunuliwa kifaranga akiitwa jike, akaanza kujaribu sauti mwishoni mwa Mei, na kaka akampeleka shamba la rafiki yake nje ya mji kabla hajajua wimbo wote.