Istilahi ya Enameli: Mfano wa Sanaa ya Kijapani

Mfasiri anayepewa maelezo ya chombo cha Kijapani kilichomo katika jumba la makumbusho hukutana mapema na neno la Kifaransa cloisonné, na aghalabu huandika "chombo kilichopakwa rangi", kisha akaendelea na kazi. Tafsiri hiyo haifai. Chombo hicho hakikupakwa rangi, bali kimevikwa kioo.

Kitu chenyewe si kigeni kwetu kama jina lake lilivyo. Yeyote aliyekunywa uji kwa kikombe cha bati, awe Manyoni au Kiomboi, ameishika enameli mkononi. Tunakiita kikombe cha bati, lakini ni chuma kilichofunikwa kwa unga wa kioo na kuchomwa katika tanuri hata unga ukayeyuka na kushikamana nacho. Kikianguka sakafuni hubanduka vipande vidogo vikali, kama vya chupa, na chuma cheusi huonekana.

Fundi wa Kijapani huanza na chombo cha shaba nyekundu. Juu ya mistari ya mchoro husimamisha nyaya nyembamba za fedha au za shaba ya njano, akazibandika kwa gundi. Nafasi zilizo baina ya nyaya hujazwa unga wa kioo wenye rangi uliolowanishwa, kisha chombo huchomwa kwa joto la nyuzi 800 hivi za sentigredi. Kioo kikiyeyuka hunywea, kwa hiyo hujazwa na kuchomwa tena na tena, na hatimaye chombo husuguliwa hata kiwe laini na nyaya zionekane. Mrina asali wa Itigi hahitaji kuelezwa sana: ni sega, ambalo kuta zake ni waya badala ya nta, na kijazio chake ni kioo badala ya asali.

Ujuzi huo haukuzaliwa Japani. Ulitumika zamani katika nchi za Mashariki ya Kati na Bizantio, ukafika China. Japani ulijulikana mapema, kisha ukabaki hasa katika mapambo madogo, kama yale ya panga yaliyofanywa na ukoo wa Hirata tangu karne ya 17. Mwamko mkubwa ulitoka Owari, karibu na Nagoya. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1830 Kaji Tsunekichi (1803–1883) alipata sahani iliyoletwa na Waholanzi, akaivunja ili aone ilivyotengenezwa. Enameli ya siku zile haikushika vyema, na kwa sababu hiyo nyaya zilijazwa hata mahali ambapo mchoro haukuzihitaji. Gottfried Wagener, mkemia wa Kijerumani aliyefika Japani mwaka 1868, alisaidia kupata enameli bora. Nyaya zikapungua. Namikawa Yasuyuki wa Kyoto akaweza kuacha sehemu pana tupu zenye weusi unaong'aa, na Namikawa Sosuke wa Tokyo akavuka mpaka wenyewe: aliziondoa nyaya kabla ya kuchoma, hata kazi yake ikafanana na mchoro wa brashi. Wote wawili waliteuliwa kuwa mafundi wa Nyumba ya Kifalme mwaka 1896.

Hapa ndipo penye somo kwa mwundaji wa istilahi. Wafaransa wameiita sanaa hii kwa ukuta unaogawa nafasi. Wachina wameiita kwa rangi ya buluu na jina la enzi ya Jingtai (1450–1457). Wajapani husema shippo, yaani hazina saba, kwa kukumbuka dhahabu, fedha na vito vinavyotajwa katika maandiko ya Kibudha. Jina la Kifaransa ndilo linaloeleza zaidi, na ndilo linaloanguka mbele ya kazi ya Sosuke, kwani ukuta umekwisha kuondolewa. Wajapani hawakupata taabu hiyo: kwa kuwa shippo haitaji waya, wao huongeza tu neno la kusema upo au haupo.

Kwa hiyo kichwa cha istilahi kiwe jina la kitu kisichobadilika, yaani enameli, nasi tuseme enameli ya vijumba kwa ile yenye kuta, na enameli ya waya ulioondolewa kwa ile ya Sosuke. Wapo watakaopendelea "vinyumba". Wingi wake hauna kosa, lakini umoja wake ni kinyumba, na hakuna mwalimu atakayelitamka neno hilo darasani bila wanafunzi kucheka. Shipo, kwa tahajia yetu, libaki kuwa jina la sanaa ya Kijapani peke yake. Enameli ya jino na rangi ya enameli zitambulishwe kwa maneno hayo kamili; ya pili haichomwi katika tanuri wala haina kioo, na mtunza ghala anayeziandika zote mbili "enameli" atapokea makopo ya rangi alipoagiza vikombe.