Bega la mathe limefunguliwa? Sasa kazi ni yako

Ulianza kuona vitu vidogo vidogo. Mathe aliacha kujisuka nywele. Bakuli la sukari likashuka kutoka rafu ya juu hadi mezani. Kwa matatu anashika chuma kwa mkono mmoja tu. Usiku unamsikia akigeukageuka kitandani, na ukimuuliza anakwambia, "Ni bega tu, nitapaka dawa."

Mwaka umeisha. Vidonge, sindano na kukandwa havijasaidia, kwa hivyo daktari ameamua bega lifunguliwe. Ameingia hospitalini asubuhi, jioni karudi nyumbani. Sasa ameketi kwa sofa, mkono umefungwa kifuani. Ndugu zako wametuma pole kwa WhatsApp. Wewe ndiye uko hapo. Basi soma hii pole pole, kwa sababu hizi wiki chache za kwanza ndizo zenye kazi.

Nini hasa kilifanyika?

Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko mwembamba. Bega likiganda, mfuko huo huvimba, huwa mnene, kisha hujikunja kama sweta ya sufi iliyofuliwa kwa maji moto. Kwanza huja maumivu, halafu ugumu, na baadaye bega hulegea taratibu. Safari hiyo yote inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Huwapata sana watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari ndio wako hatarini zaidi.

Kulifungua kuna njia mbili za kawaida. Mgonjwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, daktari huushika mkono na kuuinua, kuuzungusha na kuunyoosha hadi ule mfuko uachilie. Ama hutoboa matundu madogo, akaingiza kamera nyembamba na kuukata mfuko pale ulipokaza.

Lakini mfuko uliochanika hupona kwa kufanya kovu, na bega lisiposongeshwa, linaweza kukaza tena. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunamwambia mzazi, "Mathe, tulia, usiguse kitu, nitafanya." Unadhani unamtunza, kumbe unamrudisha alikotoka.

Siku ya kwanza

Mara nyingi hudungwa sindano ya ganzi karibu na shingo. Mkono unaweza kuwa mzito, kama si wake, kwa siku nzima au zaidi kidogo. Hasikii moto, kwa hivyo asikaribie jiko wala kikombe cha chai kwa mkono huo. Kitambaa cha kuning'iniza mkono ni cha kuulinda wakati huo. Kwa kawaida hutolewa ganzi ikiisha, lakini fuata alichosema daktari wake.

Usingoje ganzi iishe ndio ukimbie kutafuta dawa ya maumivu. Ampe tumbo chakula na ameze dawa alizoandikiwa kwa saa zake, kwa sababu maumivu yakimpata saa nane usiku, mazoezi ya kesho yamekwisha. Akilala chali, weka mto chini ya mkono. Barafu ifunge kwa taulo, usiiweke moja kwa moja kwa ngozi.

Mazoezi

Huanza siku hiyohiyo au inayofuata. Mtaalamu wa fiziotherapia atampa yake, na hayo ndiyo ya kufuata. Mengi hayahitaji gym. Anainama, mkono wa nafuu umeegemea meza, huku ule mwingine ukining'inia na kubembea. Analala chali na kuinua mkono mgonjwa kwa kusaidiwa na ule mzima. Anatembeza vidole ukutani kwenda juu. Anashika mpini wa ufagio kwa mikono miwili na kuusukuma upande. Baadaye anavuta leso nyuma ya mgongo, kama anayejikausha baada ya kuoga.

Mara nyingi huambiwa afanye kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Wewe kuwa alamu yake: kabla ya chai ya asubuhi, saa sita, kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Kuvutika kunakouma kidogo ni kawaida. Maumivu makali yanayokaa muda mrefu baada ya kumaliza, hapana. Apunguze, na umwambie mtaalamu.

Atakata tamaa karibu wiki ya pili, kwa sababu haoni tofauti. Kwa hivyo kila Jumapili bandika kipande cha selotepu ukutani pale vidole vyake vilipofika. Ataona mwenyewe vile anapanda.

Usidanganyike na jina "operesheni"

Mwaka 2020, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliofuatilia wagonjwa 503. Wengine walifunguliwa bega wakiwa wamelala, wengine wakafanyiwa upasuaji wa kamera, na wengine wakapewa fiziotherapia pamoja na sindano ya kupunguza uvimbe. Baada ya mwaka, hakuna njia iliyozishinda zingine kwa umbali wa maana. Na hata waliopasuliwa walipewa fiziotherapia baadaye. Kwa hivyo pesa zikibana, kikao cha fiziotherapia kisiwe cha kwanza kukatwa. Uliza mapema kama SHA au bima yake inakilipia.

Kama ana kisukari, muulize daktari kama alidungwa steroidi, kwa sababu sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Ipimeni.

Rudi hospitalini haraka ukiona homa, kidonda chekundu au kinachotoa usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au vidole ambavyo bado havina hisia muda wa ganzi ukiwa umepita. Kifua kikimuuma au pumzi ikikatika, usingoje asubuhi.

Kazi za mezani wengi hurudia baada ya wiki moja au mbili. Usukani ungoje hadi auzungushe vizuri bila kusita. Mtungi wa maji wa lita 20 bado ni wako kwa wiki nyingi. Lakini kuvaa, kunawa uso, kupanguza meza, kukunja nguo, mwachie. Hata akichukua dakika kumi kufunga kifungo kimoja, keti, subiri.

Na lile bakuli la sukari lirudishe kwa rafu. Si ile ya juu, anza na ya katikati. Siku akilifikia bila kukuita, lipandishe moja.