Je, Wajua? Kuna Fundi Chuma Mwenye Mabawa

Ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, huenda ukamkuta ndege wa kahawia akivuruga tope kwa miguu ili vyura na samaki wadogo wajitokeze. Kisogoni ana kishungi kirefu kinachoelekea nyuma. Huyo ndiye fundi chuma, au msingwe.

Wageni walimwita nyundo. Makaburu wa Afrika Kusini walimpa jina la hamerkop, yaani kichwa cha nyundo. Mtazame kwa ubavu utawaelewa: mdomo umeenda mbele, kishungi kimeenda nyuma, na shingo imekaa katikati kama mpini. Waingereza walilichukua jina hilo bila kulitafsiri.

Wanasayansi walitazama rangi. Mfaransa Mathurin Jacques Brisson alimweleza ndege huyu mwaka 1760, kutokana na sampuli ya Senegal. Mwaka 1789 Mjerumani Johann Friedrich Gmelin alimpa jina la kisayansi linalotumika hadi leo, Scopus umbretta. Umbretta linatokana na umbra, neno la Kilatini lenye maana ya kivuli, kwa sababu ya manyoya yake ya kahawia iliyokolea.

Kiswahili kilimpa kazi. Fundi chuma ni mhunzi, na mhunzi bila nyundo hana kazi. Hivyo Kiswahili na Kiafrikana, lugha zisizo na udugu, zimekutana kwenye karakana moja. Jina hilo linakaa vizuri Kilimanjaro. Mamba, karibu na Marangu, inajulikana tangu zamani kwa wahunzi wa mikuki na majembe. Chuma chao kilitoka Upare, ambako ukoo wa Washana wa Ugweno ulisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma.

Kazi yake halisi ni ujenzi. Ndege huyu hana uzito wa hata kilo 1, lakini kiota chake huweza kufikia upana wa mita 1.5 na kutumia vijiti vipatavyo 10,000. Dume na jike hujenga pamoja kwa wiki kadhaa, kwa kawaida kwenye panda ya mti ulio karibu na maji. Ndani hukandika kwa tope, na mlango huuweka chini au ubavuni. Paa lake huweza kubeba uzito wa mtu mzima.

Hujenga kuliko mahitaji yake. Jozi moja huweza kujenga viota 3 hadi 5 kwa mwaka, hata isipotaga. Vinavyoachwa havikosi wapangaji: bundi, mabata bukini wa Misri, nyoka, kenge na nyuki. Wengine hawasubiri viachwe. Humfukuza mwenyewe na kuhamia.

Hana ndugu wa karibu. Fundi chuma ni spishi pekee iliyo hai katika familia yake. Jamaa zake wa karibu zaidi ni mwari na korongo-nyangumi wa mabwawa ya Uganda. Anapatikana Afrika kusini ya Sahara, Madagaska, na kusini-magharibi mwa Bara Arabu.

  

Kuna mwiko juu ya nyumba yake. Kusini mwa Afrika wapo walioamini kwamba anayekiharibu kiota chake hupigwa na radi. Imani hiyo ilimpa ulinzi.

Kilimanjaro ndege huyu anategemea maji ya kina kifupi: kingo za mito, mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachagga, na mifereji ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Anahitaji pia miti mikubwa kando ya maji hayo. Kwa hiyo, mkulima, kabla hujapeleka shoka kwenye mti wa kando ya mfereji, tazama juu kwanza. Ukiona rundo la vijiti, uache mti huo usimame.