Mcheza Kwao Asiyetunzwa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini iko nchi ambamo mtu alicheza kwao, akacheza vizuri kupita wenzake wengi, na tunzo ikaenda kwa mwingine. Nchi hiyo ni Marekani, na mtu huyo ni Fletcher Henderson, kiongozi wa moja ya bendi kubwa za kwanza za muziki wa jazi.

Ushahidi umo katika santuri. Mwaka 1961, kampuni ya Columbia ilitoa mkusanyo wa santuri nne wenye nyimbo 64, zilizopigwa na bendi ya Henderson tangu 1923 hata 1938. Frank Driggs ndiye aliyezikusanya. Mkusanyo uliitwa A Study in Frustration, yaani uchunguzi wa matumaini yaliyovunjika. Mwenyewe hakuushika mkononi, kwani alikuwa amekwisha kufariki Desemba 1952.

Henderson alizaliwa mwaka 1897 huko Cuthbert, katika jimbo la Georgia. Alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Atlanta, na mwaka 1920 akaenda New York akinuia kuiendeleza elimu hiyo. Mlango wa mkemia mweusi ulikuwa mwembamba. Akapata kazi ya kupiga piano ili wateja wa kampuni ya Pace and Handy wazisikie nyimbo zilizokuwa zikiuzwa. Harry Pace alipoanzisha Black Swan mwaka 1921, kampuni ya santuri iliyomilikiwa na Wamarekani Weusi, Henderson aliajiriwa kusimamia muziki wake. Kampuni hiyo haikudumu, na mwaka 1924 santuri zake zikaangukia mikononi mwa Paramount, kampuni ya Wazungu.

Mwaka huo huo bendi ya Henderson iliingia ukumbi wa Roseland, mjini New York. Wapigaji walikuwa Weusi; waliokuja kucheza dansi walikuwa Wazungu peke yao. Mtu mweusi aliruhusiwa kupanda jukwaani na kuwafurahisha watu usiku kucha, lakini ndugu yake hakuruhusiwa kulipa kiingilio na kucheza muziki ule ule.

Hata hivyo, kazi iliyofanywa pale ilikuwa kubwa. Don Redman, aliyeipangia bendi hiyo muziki wake, aliwagawa wapigaji: tarumbeta na tromboni upande mmoja, saksafoni na klarineti upande wa pili. Upande mmoja ukauliza, mwingine ukaitikia, kama afanyavyo kiongozi wa ngoma na waitikiaji wake; kisha nafasi ikaachwa ili mpigaji mmoja aseme yake. Mwishoni mwa 1924 akaja Louis Armstrong na tarumbeta yake, akakaa kiasi cha mwaka mmoja. Msikilizaji alinganishe nyimbo za 1923 na “Sugar Foot Stomp” ya Mei 1925. Zile za kwanza zatembea kwa hatua za kuhesabu. Hii yakimbia na kucheka. Asichukizwe na mikwaruzo, maana kabla ya 1925 watu walipiga mbele ya pembe kubwa bila ya maikrofoni, na upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu hivi tu.

Sasa tuufikie wimbo ulio kiini cha maneno yetu. “King Porter Stomp” ulitungwa na Jelly Roll Morton. Bendi ya Henderson iliurekodi mwaka 1928, kisha tena mwaka 1932, na katika mkusanyo huu zote mbili zimo. Mwaka 1934 bendi ilivunjika kwa ukata. Henderson akamuuzia Benny Goodman, Mzungu, karatasi za muziki alizozipanga, nazo zikapigwa katika kipindi cha redio kilichoitwa Let’s Dance. Tarehe 21 Agosti 1935, katika ukumbi wa Palomar mjini Los Angeles, vijana walimshangilia Goodman, na baadaye akavikwa taji la mfalme wa muziki wa swingi. Miongoni mwa nyimbo za fahari yake ulikuwa “King Porter Stomp”, kwa mpango wa Henderson.

Hatusemi kwamba Goodman alikuwa mwivi. Alinunua, akamtaja Henderson kwa heshima, na mwaka 1939 akamwajiri. Wako pia wasemao kwamba Henderson alikuwa mpole kupita kiasi, asiyejua kushika hesabu wala kuwarudi wapigaji wake, na kwamba ajali ya gari ya mwaka 1928 ilimpunguzia ari. Huenda ni kweli. Lakini ulegevu wa kiongozi hauelezi kwa nini karatasi zile zile, nota zile zile, zilikuwa njaa mkononi mwake na utajiri mkononi mwa mwingine. Aliyepanga muziki alilipwa mara moja kwa karatasi. Karatasi ikafanya kazi kila usiku, na ijara ya kila usiku haikumrudia. Kila mfanyakazi aijua hesabu hiyo.

Kwa hiyo jina la mkusanyo lasema nusu tu. Matumaini ya mtu yalivunjika, naam. Kazi yake haikuvunjika. Na faida kubwa ya santuri hizi ni kwamba zimeirudisha kazi kwa mwenyewe: huu ni mwaka wa wimbo, huyu ndiye aliyepuliza tarumbeta, huyu ndiye aliyepanga.

Sisi nasi tuliliazima neno hilo la jazi. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz na Tabora Jazz zililibeba katika majina yao, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi zetu katika kanda nyingi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi yeyote ambaye mzee wake alipiga gitaa, ngoma au saksafoni katika bendi hizo, na amwulize wimbo gani, mwaka gani, na akina nani walikuwa naye. Ayaandike majibu angali hai mwenye kuyajua.