Muziki wa Okestra katika Senema za Safari za Nyota

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

 

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelisikia bila ya kulisikiliza. Nina maana ya muziki unaopigwa ndani ya senema, na hasa zile senema kubwa za hadithi za kubuni za sayansi, ambamo watu husafiri katika vyombo vya angani, hupigana vita baina ya nyota, na kukutana na viumbe wasio binadamu. Mtu akitoka kutazama senema ya namna hiyo, ukimwuliza ameona nini, atakusimulia nusu saa. Ukimwuliza amesikia muziki gani, atanyamaza. Walakini muziki ule ungaliondolewa, huenda asingalikaa kitini mpaka mwisho.

Yafaa basi tujiulize maswali matatu. Kwanza, okestra ni kitu gani? Pili, kwa nini senema za mambo ya zama zijazo hutumia vyombo vya muziki vya zamani? Tatu, muziki huo hufanya kazi gani juu ya moyo wa mtazamaji?

OKESTRA NI NINI

Okestra ni kundi kubwa la wapiga muziki, aghalabu watu 80 au 100, wanaofuata muziki ulioandikwa, chini ya kiongozi mmoja asimamaye mbele yao na kijiti mkononi. Vyombo vyao vimegawanyika mafungu manne. Fungu la kwanza ni vyombo vya nyuzi, yaani fidla na ndugu zake wakubwa wenye sauti nzito. Fidla hiyo ndiyo ile ile tuijuayo katika taarabu ya Unguja. Fungu la pili ni filimbi na jamaa ya zumari. La tatu ni vyombo vya shaba, kama tarumbeta na tromboni. La nne ni ngoma, matoazi na kengele.

Kila fungu lina tabia yake. Chukua tarumbeta. Bomba la shaba lisilo na vifungo vya kubonyeza haliwezi kutoa kila sauti. Hutoa chache tu, na zilizo rahisi kupatikana ni zile ambazo wanakwaya huziita do, so, na do ya juu. Kwa karne nyingi majeshi na wafalme walitumia bomba kama hilo kuamsha askari na kutangaza kwamba mkubwa anaingia. Watu wa pwani hawatashangaa, maana siwa za Lamu na Pate nazo hazikupigwa kwa mchezo. Zilipigwa kwa heshima ya wenye mamlaka. Kwa hiyo sikio la mtu likisikia shaba ikiruka kutoka do kwenda so, husema moyoni, "Kuna jambo kubwa linakuja." Shikeni neno hilo, tutalihitaji.

SAUTI NGENI AU SAUTI YA ZAMANI?

Hapo mwanzo, watungaji walidhani kwamba mambo mageni yataka sauti ngeni. Mwaka wa 1951 ilitoka senema iitwayo The Day the Earth Stood Still, habari ya mgeni aliyeshuka duniani kutoka angani. Mtungaji wake, Bernard Herrmann, alitumia vyombo viwili viitwavyo theremini. Hicho ni chombo cha umeme ambacho mpigaji hakigusi. Huchezesha mikono hewani karibu nacho, nacho hulia kama mtu anayeomboleza mbali. Mwaka wa 1956 senema ya Forbidden Planet ilikwenda mbele zaidi. Bwana na bibi, Louis na Bebe Barron, waliifanyia sauti zote kwa mitambo ya umeme, bila ya mpiga fidla hata mmoja. Katika majina yanayoonyeshwa mwanzoni, kazi yao haikuitwa hata muziki.

Mwaka wa 1968 mambo yaligeuka. Mwongozaji wa senema Stanley Kubrick alitoa 2001: A Space Odyssey, na ndani yake alitia muziki wa okestra ulioandikwa zamani. Jua linapochomoza nyuma ya dunia, twasikia mwanzo wa kazi ya Mjerumani Richard Strauss ya mwaka wa 1896. Na mwanzo huo ni nini? Tarumbeta: do, so, do. Baadaye chombo cha angani kinazunguka polepole, na okestra inapiga muziki wa dansi wa Johann Strauss wa Vienna. Mtazamaji anasahau kwamba anatazama mashine. Aona kama anatazama watu wakicheza.

Kisha ukaja mwaka wa 1977 na senema ya Star Wars ya George Lucas. Mtungaji wake alikuwa Mmarekani John Williams, na muziki ulipigwa Uingereza na okestra ya mji wa London, London Symphony Orchestra, iliyoanzishwa mwaka wa 1904. Williams na Lucas waliona hivi: mtazamaji ataonyeshwa sayari asizozijua na viumbe ambao hajapata kuwaona. Macho yake yatakuwa ugenini. Basi, masikio yake yapewe kitu cha nyumbani, yaani muziki wenye mahadhi ya wazi, unaomwambia huyu ni shujaa, yule ni adui, hapa pana huzuni. Sikilizeni mwanzo wa senema hiyo: baada ya sauti fupi tatu za kutangulia, tarumbeta zaruka kutoka do kwenda so. Ndilo neno lile lile la askari na wafalme. Muziki huo ulipata tuzo ya Oscar mwaka wa 1978.

Hapa pana jambo la sayansi la kukumbuka. Sauti husafiri katika hewa, au katika kitu kingine kama maji au chuma. Baina ya nyota hakuna hewa ya kuichukua. Chombo kikipasuka huko, aliye mbali hatasikia kitu. Kubrick aliifuata kweli hiyo, na katika baadhi ya sehemu za nje ya chombo alituachia kimya, au pumzi za mtu ndani ya vazi lake. Lucas aliiacha, na vyombo vyake vyanguruma. Muziki hauna ugomvi na yeyote kati yao, kwa sababu muziki wa senema haupigwi huko angani. Wapigwa katika moyo wa mtazamaji.

KAZI YA MTUNGAJI

Mtu aweza kuuliza: mlio wa okestra huangukaje sawasawa juu ya mlipuko, usichelewe wala usitangulie? Jibu ni hesabu.

Kwanza mwongozaji na mtungaji hukaa pamoja kuitazama senema, wakiamua muziki uingie wapi na utoke wapi. Kisha mtungaji hupewa saa na dakika za kila tendo. Senema ya kawaida huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Tuseme mtungaji ameamua muziki uende mapigo 120 kwa dakika. Hayo ni mapigo mawili kwa sekunde, yaani kila pigo lina picha 12. Ikiwa mlipuko unatokea sekunde 10 baada ya muziki kuanza, mapigo 20 yatakuwa yamepita. Akiyagawanya manne manne, atapata mafungu matano kamili. Basi mlipuko utaangukia pigo la kwanza la fungu la sita. Hapo ndipo atakapoandika matoazi.

Baada ya hapo wasaidizi huandika sehemu ya kila chombo mbalimbali. Okestra hukusanyika, senema huonyeshwa mbele ya kiongozi, na mara nyingi wapigaji huvaa visikizi ili wasikie mapigo ya kuwaongoza. Ni kazi ya watu wengi, na ni kazi ya haraka.

Tena yaweza kuwa kazi ya kuumiza. Kubrick kabla ya kuchagua muziki wa zamani alikuwa amemwita mtungaji Alex North, aliyepata kufanya naye kazi katika Spartacus ya mwaka wa 1960. North aliandika, okestra ikapiga, muziki ukanaswa. Alipokwenda kuitazama senema iliyokwisha, hakusikia hata sauti moja ya kazi yake. North alikufa mwaka wa 1991. Mwaka wa 1993 mtungaji mwenzake, Jerry Goldsmith, aliiongoza okestra kuupiga upya muziki huo, ukatolewa katika sahani, watu wakausikia. Wengine husema Kubrick alichagua vema, wengine husema la. Lakini tujue kwamba muziki tunaousikia katika senema ni uamuzi wa mtu, wala haukuja wenyewe.

MAHADHI YA MTU

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Watungaji hawa wana hila moja iliyotiwa nguvu na Mjerumani Richard Wagner, ambaye michezo yake minne ya kuimba juu ya pete ilionyeshwa yote pamoja mwaka wa 1876. Hila yenyewe ni hii: kila mtu, au jambo kubwa, hupewa mahadhi yake. Akitokea, mahadhi hupigwa. Akitajwa tu, twayasikia kwa mbali. Akibadilika, nayo hubadilika.

Katika Star Wars yumo mtu mwovu aitwaye Darth Vader, mwenye vazi jeusi na kofia ya chuma. Katika senema ya pili, ya mwaka wa 1980, Williams alimpa mahadhi ya kijeshi, mazito, ya shaba. Mtoto mdogo akiyasikia hujua nani anakuja. Lakini katika senema ya mwaka wa 1983, mtu huyo anakufa mikononi mwa mwanawe, akiwa ametubu. Muziki gani unapigwa hapo? Mahadhi yale yale. Ila sasa ni polepole, kwa sauti ndogo, na mwisho ni kinubi peke yake, nyuzi moja moja. Hakuna aliyesema neno la kutueleza, nasi twamhurumia adui tuliyemchukia miaka sita.

Vyombo navyo vyaweza kuchaguliwa kwa maana. Kwa senema ya Interstellar ya mwaka wa 2014, mwongozaji Christopher Nolan alimpa mtungaji Hans Zimmer karatasi moja tu, yenye habari ya baba na mtoto, wala hakumwambia kwamba ni senema ya safari za nyota. Zimmer akaanzia hapo. Baadaye walitumia ogani ya kanisa la Temple huko London. Ogani hiyo hulia kwa hewa inayosukumwa katika mabomba. Ni kama chombo kinachopumua. Na senema yenyewe ni habari ya watu walio mbali na hewa ya kwao.

KWA NINI TUJIFUNZE HAYA

Huenda mmoja wenu atasema, "Bwana, mimi ni mkulima, haya yanifaa nini?" Yakufaa hivi. Jicho lina kope. Usipotaka kutazama, walifumba. Sikio halina kifuniko. Muziki huingia bila ya kupiga hodi, na hukaa karibu na machozi na hasira. Hila hii ya kumpa mtu mahadhi ya shujaa, na mwingine mahadhi ya adui, haitumiki katika hadithi za nyota peke yake. Yatumika katika matangazo ya biashara, na katika picha za siasa na za vita. Anayejua amevutwa na nini aweza kukubali au kukataa. Asiyejua hudhani mawazo yale ni yake mwenyewe.

Kujua huku hakuondoi furaha. Mpishi hula kwa raha vilevile, ingawa ajua bizari iliyotiwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA VIKUNDI

1. Chagueni sehemu ya senema yoyote. Itazameni mara moja bila ya sauti, na mara ya pili pamoja na sauti. Ni kitu gani mlichokihisi mara ya pili ambacho hakikuonekana katika picha?

2. Muziki ukienda mapigo 60 kwa dakika, kila pigo litakuwa na picha ngapi? Mlipuko wa sekunde ya 12 utaangukia pigo la ngapi?

3. Je, ni haki kumpa mtu mahadhi ya adui katika picha inayoonyesha mambo ya kweli? Kila mmoja aseme lake, na mwenzake amsikilize mpaka mwisho.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.