Kiingereza cha vita: Vineno vidogo vinavyobeba hatima ya mtu

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MTU anayevuka Ziwa Tanganyika kwa boti akikimbia mapigano nchini Burundi au mashariki mwa Kongo, akishatua katika ufukwe wa Kigoma, huulizwa swali moja kubwa: limempata nini hata akaikimbia nchi yake?

Swali hilo atalijibu kwa Kirundi, Kibembe, Kifaransa au Kiswahili cha kwao. Lakini jibu lake, baada ya kupita kwa mkalimani, mara nyingi huishia katika jalada lililoandikwa kwa Kiingereza, na baadhi ya watakaolisoma na kuliamua hawataonana naye kamwe.

Ndiyo maana katika mkoa huu msamiati wa Kiingereza wa vita si pambo la cheti. Kigoma imepokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na wale wa mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi walirundikana katika kijiji cha Kagunga, mpakani, na meli kongwe ya MV Liemba ikawa miongoni mwa vyombo vilivyowasafirisha hadi Kigoma mjini.

Wanaohitaji msamiati huo ni wengi: wakalimani, walimu, watumishi wa mashirika, waandishi wa habari, wanafunzi na wakimbizi wenyewe. Kinachowatatiza zaidi si majina ya silaha. Bunduki, kombora na ndege isiyo na rubani zina majina yake, na mtu akiyakariri amemaliza kazi. Tatizo ni vitenzi.

Kitenzi kimoja, maana nne

Kiingereza kina tabia ya kuchukua kitenzi cha kawaida na kukiambatanisha na kineno kama "in", "out", "up" au "over", kikazaliwa kitenzi kingine kabisa.

Mfano ni "take", yaani kuchukua. Mkimbizi akisema "they took us in", maana yake walitupokea na kutuhifadhi. Akisema "they took us away", walituchukua na kutupeleka kusikojulikana. "They took over the village" ni kwamba waliteka kijiji na kukitawala. Na "they took out the guards" ina maana ya kuwaua walinzi, ingawa maneno "take out" hayohayo, mahali pengine, ni kumtoa mtu kwenda kula chakula hotelini.

Msomaji asidhani kwamba huo ni ukorofi wa Waingereza pekee. Mgeni anayejifunza Kiswahili hupata taabu hiyohiyo kwa kitenzi "piga". Mtu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga kambi na hupiga marufuku, na katika yote hayo hakuna aliyepigwa. Anayeijua "piga" ya kwao tayari anajua siri ya "take" ya Kiingereza: maana hukaa katika fungu zima, wala haikai katika neno mojamoja.

"Aliingia jeshini" kwa njia gani?

Uzito wa jambo hili huonekana pale mtu anapoeleza namna alivyojikuta na bunduki mkononi. Kwa Kiswahili inatosha kusema "niliingia jeshini" au "niliingia msituni". Kiingereza humlazimisha mkalimani kuchagua.

"Join up" ni kujiandikisha kwa hiari. "Call up" ni kuitwa na serikali kwa mujibu wa sheria. "Round up" ni kukusanywa kwa nguvu, kama watu wanavyozolewa katika msako.

Tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi unawanyima hifadhi watu ambao kuna sababu nzito za kuamini kwamba walitenda uhalifu wa kivita. Kijana aliyekusanywa kwa nguvu akiwa na umri wa miaka 13 ni mhanga. Mkalimani akiandika kwamba "alijiunga", kijana huyo atakabiliwa na maswali ambayo hakupaswa kuulizwa namna hiyo.

Vivyo hivyo kwa kurudi kwao. "Went back" ni alirudi. "Was sent back" ni alirudishwa. Kiswahili hutofautisha mambo hayo kwa mnyambuliko wa kitenzi, na Kiingereza kwa kubadili kitenzi chenyewe. Katika sheria, tofauti hiyo ni pana: kurudi kwa hiari ni haki ya mkimbizi, lakini kumrudisha kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yako hatarini kumekatazwa na ibara ya 33 ya mkataba huo.

Hata neno "mkimbizi" linataka uangalifu. Kiswahili hulitumia kwa upana, na kumwita "mkimbizi wa ndani" mtu aliyehama makazi bila kuvuka mpaka. Kwa Kiingereza huyo si "refugee" bali ni "displaced person". Aliyevuka mpaka na kuomba hifadhi, akiwa bado hajajibiwa, ni "asylum seeker".

Vita vinapozuka na vinapozimwa

Kwa wasomaji na waandishi wa habari, njia nyepesi ya kuvishika vitenzi hivi ni kuvifuata kwa mpangilio wa vita vyenyewe. Mfano ulio karibu ni uasi wa kundi la M23 ng'ambo ya ziwa.

Uasi huo ulizuka mwaka 2012. Mwingereza husema "broke out". Novemba mwaka huo waasi waliuteka mji wa Goma, yaani "took over". Siku chache baadaye, kufuatia shinikizo la viongozi wa kanda, waliondoka. Hapo hutumika "pulled out". Mwaka 2013 jeshi la Kongo, likisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa na askari wa Tanzania, liliwatimua katika ngome zao. Hiyo ni "drove out". Mwishoni mwa mwaka 2021 mapigano yaliwaka upya, yaani "flared up", na Januari 2025 Goma ikatekwa tena.

Anayechanganya "pulled out" na "were driven out" ameandika habari nyingine. La kwanza ni kuondoka kwa uamuzi, la pili ni kufukuzwa. Kuna pia "fall back", ambayo ni kurudi nyuma ili kujipanga. Anayeitafsiri kuwa ni kushindwa amempa upande mmoja ushindi ambao haujapatikana.

Katika mazungumzo ya amani, "break down" ni mazungumzo kuvunjika, na "break off" ni upande mmoja kuyavunja kwa makusudi. Hapa tena ni "vunjika" na "vunja": katika la kwanza hatajwi mkosaji, katika la pili yupo.

Aidha, "ceasefire" si "peace agreement". La kwanza ni kusitisha mapigano, la pili ni mkataba wa amani, na moja laweza kuwapo bila jingine. Mkataba wa Arusha kuhusu Burundi ulitiwa saini Agosti 28, 2000, wakati makundi makubwa yenye silaha hayakuwa yamesaini. Amani ilikuwa katika karatasi, risasi zikaendelea kulia. Kundi la mwisho kubwa, FNL, lilisaini makubaliano ya kusitisha mapigano jijini Dar es Salaam Septemba 2006, na likaweka silaha chini mwaka 2009. Kuweka silaha chini kwa Kiingereza ni "lay down arms", na hapo lugha zote mbili zimetumia taswira ileile.

Maneno yanayoficha maiti

Kiingereza cha kijeshi kina pia maneno laini yenye kazi ya kupunguza makali. "Collateral damage" husikika kama hasara ya mali, kumbe aghalabu ni raia waliouawa pasipo kukusudiwa. "Mop up" ni kupiga deki. Katika vita ni kuwamaliza wapiganaji waliosalia.

Mfasiri hana ruhusa ya kuongeza chumvi, lakini hana pia sababu ya kuhamisha pazia hilo kuja katika Kiswahili. Raia waliokufa waitwe raia waliokufa.

Namna ya kujifunza

Kukariri orodha ndefu ya vitenzi hakusaidii sana. Kilicho bora ni kukariri sentensi nzima, ikiwa na mtendaji na mtendwa, kisha kujiuliza maswali matatu: nani alitenda, alitenda kwa hiari au kwa kulazimishwa, na jambo limekwisha au bado linaendelea. Kusoma habari moja katika lugha mbili kwa siku moja nako hufundisha mengi.

Mkalimani anaposhindwa kuchagua kati ya "join up" na "round up", dawa si kubahatisha. Ni kumgeukia mhusika na kumuuliza tena: "Ulikwenda, au ulipelekwa?"

Naye anayehojiwa ana haki ya kuomba swali lirudiwe, na kuomba asomewe yaliyoandikwa kwa jina lake. Kumsomea maelezo yake huchukua dakika chache tu, lakini kineno kimoja kikikosewa, jalada laweza kumfuata kwa miaka.